Chujio la Simu ya Upepo

Wakati wa ruksa, watu binafsi walipoanza kununua mpunga bila kupitia ushirika, nilipata kazi ya kuongea. Nilikaa kwenye chumba kimoja pale Kyela mjini, mbele ya simu ya upepo ya tajiri mmoja. Niliita Mbeya, nikauliza bei, nikampelekea tajiri jibu. Aliyepata bei mapema ndiye aliyetuma lori mapema vijijini, Ndandalo au Mwaya, na wenzake walipofika walikuta magunia yameshashonwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sauti yangu ilisikika vizuri, na nilijiona mtu.

Kwenye waya wa antena palikuwa na kisanduku cha chuma chenye kitufe cha kuzungusha. Fundi aliyekifunga alikiita chujio. Alinieleza kwamba sauti inapotoka kwenda Mbeya hutoka na takataka zake, na takataka hizo huingia kwenye redio za majirani. Kila nikibadilisha chaneli nilitakiwa kuzungusha kitufe polepole huku natazama mshale, mpaka utulie mahali pake. Ukikipeleka kitufe hadi mwisho, chujio linakuwa wazi na kila kitu kinapita.

Ubaya wake ni kwamba chujio likichuja lilipunguza nguvu kidogo. Kiangazi hukuona tofauti. Masika, radi zikianza kule milimani, Mbeya walilalamika kwamba hawanisikii.

Nyuma ya ofisi yetu aliishi mama mmoja mkaanga vitumbua. Alikuwa Mngonde wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Karonga, ameolewa na mtu wa ukoo wetu aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chai Tukuyu na kurudi nyumbani mara chache. Kwa hiyo alikuwa shemeji yangu, na utani ulikuwepo. Asubuhi nilikaa kwenye benchi lake, nikala vitumbua vya moto.

"Ugonile, shemeji," aliniambia siku moja. "Bata wako jana kaingia tena kwangu."

"Bata gani?"

"Huyo anayelia kwenye redio yangu. Kwa-kwa-kwa, kwa-kwa-kwa, halafu ova! Watoto wanamwigiza mpaka nashindwa kuwachapa, nacheka."

Nilicheka na mimi. Yeye akaacha kucheka kwanza.

"Lakini nikuombe kitu. Mama yangu haamki siku hizi, miguu imevimba. Saa ya matangazo ya vifo, ile ya jioni, mfunge huyo bata. Nisije nikasikia kwa watu."

"Usihofu. Nitamchuja."

"Ndaga fijo, shemeji."

Nilijua anachoomba. Siku zile hatukuwa na simu za mkononi, na barua ya kuvuka mpaka ilifika ikipenda. Watu wenye ndugu ng'ambo walikaa jioni kusikiliza redio ya kule, jina moja baada ya jingine, kijiji baada ya kijiji. Ukisikia jina la kwenu unafunga mzigo usiku huo huo, kwa sababu kesho yake wanazika. Kwetu sisi, na kwa Wangonde ambao lugha yao ni kama yetu, mtoto hakosi kumzika mzazi. Ukikosa, watu hawaulizi kama ulichelewa. Wanasema ulikataa.

Siku za mwanzo nilitimiza ahadi. Kisha mvua zikakolea, na tajiri akasimama mlangoni na mwavuli wake.

"Mbeya wanasema unanong'ona. Hujala wewe?"

"Nimekula, bosi."

"Basi ongea kama umekula. Wenzetu jana wamefika Mwaya kabla yetu."

Jioni ile nilipeleka kitufe hadi mwisho. Mbeya wakanisikia vizuri, na sikukirudisha tena. Kukirudisha kulihitaji kutulia, kutazama mshale, kujaribu tena, na mimi nilikuwa na haraka ya bei.

Shemeji akaja mlangoni, mikono ina unga wa mchele.

"Bata kaamka tena. Ni wewe?"

"Siyo mimi," nikasema. "Mimi nachuja siku hizi. Angalia betri zako, zimechoka."

Sikufikiri hata kidogo. Maneno yalitoka kama ninavyotoa bei. Akaenda kununua betri mpya, na zile za zamani akazianika juu ya bati zipate jua, kama tulivyofanya wote. Kwa siku kadhaa niliziona pale juu nikienda kazini.

Siku yenyewe sikuijua kuwa ni siku yenyewe. Baadaye nilihesabu nyuma, nikaikumbuka, kwa sababu ilikuwa siku yangu nzuri. Jioni ile nilipata bei kabla ya wanunuzi wote. Niliongea kwa muda mrefu, nikarudia, nikasisitiza, na tajiri akaninunulia soda mbele ya watu. Saa yote ya matangazo nilikuwa hewani.

Zilipita siku, nikiwa kwenye benchi la vitumbua, akashuka kwenye gari mama mmoja wa Ndandalo ambaye naye asili yake ni ng'ambo. Alimkuta shemeji anakaanga.

"Ah, umesharudi? Pole na msiba."

"Msiba gani?"

Yule mama akaziba mdomo kwa kanga. Shemeji alimtazama, akanitazama mimi, kisha akainama akatoa karai motoni, akaliweka chini vizuri lisimwagike. Ndipo akalia.

Mume wake alikuwa mbali, hivyo nilimsindikiza mimi. Tulipita mpakani Kasumulu, tukavuka mto Songwe, tukafika kwao kaburi limeshatulia kwa mvua. Wanaume walinipa nafasi kwenye mkeka. Walinipa na chakula, nikala. Kaka yake mkubwa alimwita dada yake mbele yetu.

"Tumetangaza redioni. Watu wa Ndandalo wamesikia, wamekuja. Wewe wa mjini hukusikia? Au huko kwenye mchele mnauza mpaka masikio?"

"Redio ilikuwa na kelele, kaka. Nilinunua hata betri mpya."

"Kelele ya nini?"

Shemeji akanigeukia. Hakunishitaki. Alinigeukia kwa sababu mimi ndiye niliyejua mambo ya redio, nimsaidie kueleza. Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema kweli. Watu wote walikuwepo.

"Ni mvua," nikasema. "Masika mawimbi yanasumbua."

"Kwetu hapa hainyeshi?" akauliza kaka mtu, na watu wakatazama chini.

Tuliporudi Kyela, nilikaa mbele ya mashine nikazungusha kitufe mpaka mshale ukatulia. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kunywa kikombe cha maji. Mbeya walinisikia kwa shida kidogo, nikarudia maneno, mambo yakaenda.

Kaka yule hakukanyaga tena nyumbani kwa dada yake. Alioza mabinti bila kumwita. Wakati huo wote shemeji aliendelea kuniuzia vitumbua, na mimi niliendelea kula. Nilimwambia tukiwa wazee, tajiri ameshahama na mashine imeshatupwa. Nilimweleza yote: kitufe, betri, soda. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuacha.

"Haya umeyasema kwa kaka zangu?"

"Bado."

"Basi na mimi hujaniambia."

Nikavuka Songwe peke yangu. Kaka mkubwa nilikuta ameshazikwa, na shemeji alikuwa ameambiwa asije kumzika. Hilo nalo sikulijua. Hakunieleza, aliniacha niende nikalikute. Mdogo wao alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akafikiri.

"Mashine hiyo," akauliza, "ilikuwa haina mahali pa kuzima?"

"Ilikuwa napo."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akaenda kuwafungulia ng'ombe. Nilikaa kwenye kile kiti mpaka jua likawa kali, hakurudi, na hakuna aliyekuja kuniambia niondoke.