Bastola Iliyopita Chini ya Pazia

Udongo wa kaburi la mume wangu ulikuwa haujakauka, na tayari shemeji yangu alikuwa anaipima nyumba yangu kwa macho. Nilimwona kupitia upenyo wa dirisha. Alikuja kwenye hitima na kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akala pilau yangu sahani mbili, kisha akasimama uani akaangalia bati, akaangalia ukuta, akaangalia tangi la maji. Mungu anisamehe, siku ile nilimchukia kuliko wale waliolipiga risasi gari la mume wangu kwenye barabara ya mlimani. Wale sikuwajua. Huyu nilikuwa nimempikia miaka na miaka.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Jabe, karibu na soko, duka la vitenge mbele na vyumba nyuma. Tuliijenga mimi na marehemu, na dhahabu yangu ya harusi yote iliishia kwenye msingi wake. Shemeji hakuwa na njaa. Alikuwa na duka kubwa Asiatique, mtaa wa wafanyabiashara, na Kibenga, kwa matajiri, alikuwa na nyumba yenye bustani inayoteremka mpaka karibu na ziwa. Sasa alitaka nini na kibanda changu cha Jabe? Alitaka tu. Kuna watu wakiona kitu kimesimama bila mwanaume pembeni, mikono inawawasha.

Dua ilipokwisha akawageukia wazee wa familia. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, na nguo zangu nyeupe za eda. Kwetu mjane akikaa eda hatoki nje ya mlango wake, na mwanaume yeyote anayeweza kumuoa haruhusiwi kumwona uso. Shemeji ni mmoja wao. Kwa hiyo alikuwa akinizungumzia upande wa pili wa kitambaa kama vile sipo.

"Muke peke yake, na wasichana wawili, hawezi kukaa Jabe mu vita hii," akasema. "Nyumba isiyo na silaha ni nyumba ya mutu yoyote. Nitawachukua Kibenga. Funguo nitakaa nazo mi, mpaka amani irudi."

Mpaka amani irudi! Katika mji ule nani hakujua maana ya maneno hayo? Ukiihama nyumba yako leo, ukirudi unakuta sufuria za watu wengine jikoni, na mtu anakuuliza we ni nani. Na Kibenga nilijua chumba nilichowekewa, kile cha nyuma ya jiko, ambapo mimi na binti zangu tungekula kilichosazwa na mke wake. Nyumba ile ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho duniani. Nikiihama, nimeihama.

Nikapiga kelele nyuma ya pazia, jambo ambalo mwanamke wa eda halifanyi. "Basi nitafutieni silaha!"

Wakacheka. Yeye alicheka mpaka akakohoa. "Shemeji, we utapiga nani? Panya?" Kisha, kwa vile utani ulikuwa umemnogea, akauendeleza. "Sawa. Siku anatoka eda, apige risasi moja hapa uani mbele yenu wote. Ikilia, abaki na nyumba yake. Isipolia, anafunga mizigo, anakuja Kibenga, na kelele basi."

Alikuwa anachekesha watu. Lakini mzee mkubwa wa ukoo ni mtu asiyejua kucheka, na siku hiyo namshukuru Mungu kwa uso wake mkavu. "Umesema mbele ya mashahidi," akamwambia. "Na yeye iko mu eda, hawezi kutoka kwenda kutafuta. Utamuletea we."

Kicheko kikaisha papo hapo.

Pembeni yangu alikuwa amekaa mama mkwe wangu, anahesabu tasbihi. Yeye aliishi nasi pale Jabe. Usidhani alifurahi. Tangu mazishi hakuwa ameniambia neno jema, na kabla ya mazishi pia, nisiusingizie msiba. Kwake yeye mimi ndiye niliyemtuma mwanawe safari ile, kwa sababu mizigo ya duka ilikuwa imepungua. Akaniangalia juu mpaka chini. "Kelele zako zitatuua sisi wote," akasema, akarudi kwenye tasbihi yake.

Lakini kesho yake, tukiwa tunachambua mchele jikoni, alifungua mdomo bila kuinua macho. "Wakikuletea, kataa ile kubwa ya askari."

"Kwa nini?"

"Kwa nini, kwa nini. Mukono wako huo hata muchi unaushinda. Kubwa itakurusha, utafumba macho, utaua ukuta. Kaka yangu alikuwa anapiga kanga kule bondeni Rusizi na bunduki ya risasi ndogo, za ishirini na mbili. Haina kelele, hairuki, na risasi zake ni za bei ya peremende, mutu anaweza kujifunza bila kufilisika. Omba bastola ya risasi hizo." Akatupa jiwe la mchele nje ya mlango. "Na usiniambie asante. Sikufanyii we."

Shemeji akamleta muuzaji wa bastola siku moja baada ya alasiri. Saa hiyo aliichagua makusudi, kwa sababu kila siku saa hiyo mama yake huenda kwa jirani kusoma Kurani na wanawake wenzake. Hakutaka mama aone biashara hiyo. Ila siku ile goti lilikuwa limemvimba bibi wa watu. Alibaki amekaa kwenye mkeka, mgongo ameugusisha kwenye pazia kabisa, kimya. Na mimi sikuona sababu ya kumtangazia shemeji.

Muuzaji yule uso wake sikuwahi kuuona hata leo. Nilimjua kwa vidole, vinene, vyeusi kwa grisi, maana mchana alikuwa anatengeneza pikipiki, na mengine huulizi. Alikuja na kikapu cha lengalenga. Akafunua mboga, na bastola ya kwanza ikasukumwa chini ya pazia mpaka kwenye vidole vya miguu yangu.

Lo! Chuma kile kilikuwa kizito, nikajaribu kuvuta sehemu ya juu kama alivyonielekeza, haikusogea hata kidogo. Nikavuta tena mpaka bega likauma. Upande wa pili shemeji akaguna kwa raha. "Hiyo ndiyo bastola, shemeji. Ukishindwa hiyo sema, tumalize."

"Nataka ya risasi ndogo," nikasema, nikaisukuma kubwa kwa mguu ikarudi ilikotoka. "Mi ni mwanafunzi. Mwanafunzi hapewi lori."

"Nani amekufundisha?"

"Kichwa changu."

Mama mkwe akabana midomo. Sijui ilikuwa hasira au nini.

Ndogo zilikuwa mbili. Kabla hajazipitisha nikasikia shemeji anachezea mojawapo, anavuta kifyatulio bila risasi ndani, ka, ka, ka, kama mtoto aliyeokota kiberiti cha gesi.

"Acha, patron!" muuzaji akamkemea. "Hizi ndogo hazipigwi bure. Kamusumari kake kanapiga ukingo wa risasi, apana katikati. Kama risasi hamuna, kanapiga chuma tupu. Kanakufa."

"Hii si umesema imeshakufa?" shemeji akauliza, na sauti yake ikateremka ghafla. Sikusikia muuzaji alijibu nini, wala sikujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Zikaja zote mbili. Moja ilikuwa inang'aa, fupi, mpini mweupe, nzuri mpaka unatamani kuivalia gauni. Nyingine ilikuwa nyeusi, rangi imechubuka, mtutu mrefu, mpini umezungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ukizitazama tu, ya pili ni aibu kuiweka hata kwenye kikapu cha mboga.

"Hii ya kung'ara ndiyo rahisi, Mama," muuzaji akasema. "Bei ni nusu ya ile nyeusi."

"Kwa nini nzuri iwe rahisi kuliko mbaya?"

Muuzaji akaanza kupanga mboga zake. Kisha shemeji akajibu yeye, mtu ambaye hakuulizwa. "Ni ya wanawake, shemeji. Ndogo, nyepesi. Chukua hiyo, Mungu akubariki."

Mtu huyu hakuwahi kuniombea baraka tangu niolewe. Nikazichukua zote mbili nikaenda mwisho wa chumba, dirishani, kwenye mwanga. Nikainua ile nzuri, nikaielekeza kwenye msumari wa ukutani. Ilitetemeka mkononi kwa wepesi wake, na alama ya mbele ya kulengea ilikuwa kipunje ambacho macho yangu hayakukiona. Nikainua ile nyeusi. Uzito wake ulikaa kwenye kiganja, mpira wa baiskeli ukashika jasho langu, na alama ya mbele ilikuwa kubwa kama jino. Nikauona msumari wangu pale juu yake, umetulia. Moyo ukaniambia hii. Lakini pesa zikaniambia ile, na mwenye pesa za siku ile alikuwa shemeji, kwa sababu ndiye aliyeamriwa kuleta. Nikasimama pale nakasirika peke yangu, moja kila mkono.

Nyuma yangu, kule kwenye pazia, nikasikia mnong'ono. Maneno sikuyapata. Shemeji alisikia kwamba nimeenda mbali, akadhani nyuma ya pazia hamna mtu mwingine.

"Mwanangu."

Ilikuwa sauti ya mama mkwe, ile anayoitumia kumwita mtu nyumba ya tatu. Pazia likatikisika.

"Mama? Uko humu?"

"Umesema, mupe ile iliyokufa, siku ya wazee haitalia, nyumba inakuja. Ni hayo umesema, ao kuna mengine?"

"Mama, ni muchezo tu..."

"Na wezi wakija mbele ya siku hiyo? Wakivunja mulango huu, huyu anawaelekezea hiyo kitu, inasema ka, ka?" Akageuka, na goti lake bovu hivyo hivyo, akalitazama pazia uso kwa uso. "Mwanangu, na mi nalala humu."

Na mimi, pamoja na chuki yote niliyokuwa nayo, nilielewa kwamba hakutaka mama yake afe. Alimsahau tu. Alihesabu bati, akahesabu ukuta, tangi, funguo, na mtu aliyemzaa hakumo kwenye hesabu. Nilitamani afadhali angekuwa mbaya kabisa.

Mama mkwe akaninyooshea mkono bila kuniangalia. Nikampa ile ya kung'ara. Akaisukuma chini ya pazia kwa mgongo wa kiganja, kama sahani ya chakula kilichochacha.

"Hii utaipeleka Kibenga. Ulale nayo we. Nyeusi inabaki hapa, na utamulipa huyu mutu zote mbili."

Muuzaji alikohoa. Nafikiri alikuwa anazuia kucheka.

Siku zilizobaki za eda nilijifunza ndani ya nyumba, na ganda la risasi iliyokwisha kupigwa likiwa ndani ya bastola ili ule msumari usigonge chuma. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka akinitukana. Umefumba macho tena. Umeshika kama mwiko. Wasichana wako wana mikono mizuri kuliko we. Sikuwahi kusikia "vizuri" hata mara moja, na kila nikilitoa lile ganda alilichukua, akalisogeza karibu na jicho lake, akaangalia kama msumari umeacha alama ukingoni, akanirudishia.

Siku ya kutoka eda nilioga, nikavaa nguo ya rangi, nikatoka uani mbele ya wazee. Gunia la mchanga lilikuwa limeegemezwa ukutani. Nikaiinua ile mbaya yangu, nikalitafuta gunia juu ya lile jino, na macho yangu yakabaki wazi. Ilitoa mlio mdogo mkavu, na mchanga ukaanza kumwagika chini taratibu. Wazee walishtuka, mmoja akasema bismillahi. Shemeji alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Imelia," mzee mkubwa akasema. "Atabaki."

Nikadhani yamekwisha. Lakini mama mkwe akaita kutoka kwenye kiti chake cha kizingitini.

"Na ya kwako, mwanangu? Ile ya kung'ara. Toa, upige na we, wazee wasikie."

"Nimeiacha Kibenga, mama."

"Inalia?"

Wazee wote wakawa wamemgeukia.

"Basi ya Kibenga ndiyo nyumba ya mutu yoyote," mama yake akasema. "Lete funguo. Nitakaa nazo mi, mpaka amani irudi."

Na mkono wake akauacha umenyooshwa hivyo hivyo, mbele ya watu wote, anasubiri.