Bawa la Njano Juu ya Kibanda cha Kuku

Nilikusanya vipande vya ndege za zamani katika miaka ambayo haikuwa salama kwa mtu wa kawaida kuwa na kitu chochote cha ndege nyumbani kwake. Sikuanza nikijua hivyo. Nilikuwa nauza spea za trekta katika duka moja mjini Eldoret, na kitu changu cha kwanza kilikuwa saa, au nilichodhani ni saa, niliyoiona sokoni kati ya kufuli na taa za karabai zilizokufa. Niliifungua mezani kwangu, mtaani Kimumu, nikagundua kwamba haikutengenezwa kupima wakati. Ilikuwa ya kumwonyesha rubani ameruka juu kiasi gani. Ndani yake mlikuwa na kidude chembamba cha bati kilichovimba na kunywea hewa ilipobadilika, na nilipopanda nayo mlimani nikaona mshale ukisogea, nilinaswa.

Walowezi walipoondoka kwenye mashamba ya ngano waliacha mengi. Baadhi yao walikuwa na ndege ndogo zilizotua kwenye nyasi, na mabaki yake yalipata kazi nyingine. Tangi la mafuta liligeuzwa birika la ng'ombe, gurudumu likafungwa kwenye mkokoteni, kioo cha mbele kikawa dirisha la jikoni. Kilichonipa raha ni kutambua. Nilisugua kutu na kinyesi cha ndama, nikatafuta namba iliyogongwa kwenye chuma, nikailinganisha na vitabu vikuukuu vya mafundi hadi nikajua kitu kile kilikaa wapi kwenye ndege gani.

"Wanaume wengine huleta nyama nyumbani," mke wangu alizoea kusema. "Wangu analeta vyuma."

Kisha ukaja ule mwezi wa Agosti ambapo wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali. Baada yake hata neno ndege lilisemwa kwa sauti ya chini. Watu walikamatwa kwa sababu ya shemeji mwanajeshi, kwa sababu ya picha ya ndege iliyobandikwa ukutani. Mke wangu hakuniuliza. Nilirudi kutoka kazini jioni nikakuta rafu zangu tupu, vipande vyote vimetiwa kwenye magunia na kufunikwa kwa mahindi stoo. Kwenye ukuta ulioachwa wazi alikuwa ametundika picha ya Rais. Nilijua amefanya vizuri, nikaacha kununua.

Mwaka uliofuata, wakati wa baridi, dereva mmoja wa trekta aliyekuja kununua mkanda wa feni aliniambia ameona bawa la ndege, la rangi ya njano, juu ya kibanda cha kuku kupita soko la Cheptiret. Nilijiambia nitakwenda kuliangalia tu. Jumapili baada ya kanisa nilipanda basi, nikashuka, nikaacha lami na kutembea kwenye matope kando ya shamba kubwa la ngano.

Boma lilikuwa dogo, pembeni mwa shamba lile. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa magharibi ya nchi, aliyeletwa huku na mumewe walipokuwa vibarua vijana. Bawa halikuwa bawa zima. Kilikuwa kile kipande kirefu cha nyuma ya bawa ambacho rubani hukipandisha na kukishusha ili kuilaza ndege upande au kuinyoosha. Nilimsalimia, nikamwambia nakusanya vitu vya namna hiyo, nikamwomba aniuzie.

"Hiyo siuzi," alisema. "Wewe unajua hizi vitu?"

"Najua kiasi, Mama."

"Basi kaa kwanza."

Alinipa chai, akakaa mbele yangu kwenye kigoda, akanieleza. Mumewe alikuwa mshika bendera. Ndege ya kunyunyizia dawa ilipokuja juu ya ngano, yeye alisimama mwisho wa shamba na bendera nyeupe ili rubani ajue mstari wake. Ndege ikishajipanga, mshika bendera husogea upande ule upepo unakotoka, ndege inapita kando yake, kisha anakwenda kusimama kwenye mstari unaofuata. Alikuwa amefanya kazi hiyo misimu mingi, akirudi nyumbani nguo zikinuka dawa. Asubuhi moja ndege ilimgonga kwa ncha ya bawa, kisha ikaangukia kwenye ngano. Yeye alikufa palepale. Rubani alitoka akichechemea, na baada ya muda akarudi kwao ng'ambo.

"Watu wa shamba wakasema alikuwa amelewa," alisema. "Eti badala ya kutoka njiani alitembea akaingia kwa ndege. Chifu akatangaza kwa baraza, watu wote wakiwa hapo, kwamba vibarua waache pombe. Mume wangu alikuwa mtu wa kanisa. Hakuwa anaonja hata busaa. Lakini hata mama yake aliamini, kwa sababu ilisemwa na chifu."

Walipokuja kukokota mabaki, kipande hiki kilikuwa kimeanguka mbali, ndani ya mtaro. Alikibeba kichwani mwenyewe. Aliniambia hakujua alikitaka cha nini; aliona tu kwamba wasichukue vyote.

"Sasa wewe unayejua, angalia. Uniambie."

Nilikishusha. Kuku walitawanyika. Nilikifuta kwa nyasi mbichi, nikaanza kuangalia pale kilipokuwa kimeshikana na bawa. Bawaba moja ilikuwa nzima. Ya pili, chuma chake kilikuwa kimekatika, na nilipokiinua kwenye mwanga nikaona kitu kilichonifanya nikae chini. Sehemu kubwa ya mahali pale palipokatika ilikuwa na rangi ya njano. Haikuwa juu juu tu. Ilikuwa imeingia ndani, kati ya chuma na chuma. Mtu hawezi kupaka rangi ndani ya kitu kizima. Ufa ule ulikuwepo siku ndege ilipopakwa rangi, na aliyeshika brashi aliufunika akaendelea.

Nilimwonyesha. Nilimweleza polepole kwamba bawaba ilipoachia, rubani hakuweza tena kuliinua bawa la upande ule, na ndege ililalia hukohuko.

"Alisogea upande gani, Mama?"

Alinyoosha mkono kwenye shamba. Upepo ulikuwa ukitoka kule kama kawaida ya mahali pale. Kwa ndege iliyokuwa ikimjia, ulikuwa ni upande wa bawa hili.

"Basi alitoka njiani," nilisema. "Alisogea vile alivyotakiwa kusogea. Bawa ndilo lililomfuata."

Hakulia. Aliinama akachukua kile chuma, akapitisha kidole kwenye ile njano, mara nyingi. Kisha akasema twende kwa chifu.

Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia shamba lile sasa ni la mheshimiwa mmoja mkubwa serikalini, ambaye hatapenda mambo yake ya zamani yafukuliwe, na wakati wenyewe ni mbaya. Alinijibu kwamba hataki fidia wala kesi. Anataka chifu asimame tena kwenye baraza aseme yule mtu hakuwa amelewa. Basi. Aliniomba niende naye kwa sababu yeye hawezi kueleza mambo ya bawaba, na sikuona namna ya kukataa.

Tulikwenda katikati ya wiki. Chifu alitusikiliza akiwa amevaa kofia yake. Kipande kilikuwa mezani mbele yake, na nilipofika kwenye rangi ndani ya ufa aliinua mkono.

"Wewe kazi yako ni nini?"

Nikamwambia.

"Na hii elimu ya ndege ulitoa wapi?"

"Vitabuni, Mzee."

"Vitabu gani?" Alikigonga kile kipande kwa kidole. "Uko na vitu zingine kama hii nyumbani?"

Mama alijibu kabla sijafungua mdomo. "Huyu ni mtu wa spea za trekta. Mimi ndiye nilimwita. Kitu ni changu."

"Kitu si chako," chifu alisema. "Hii ni ndege, na ndege ni mali ya serikali." Aliita askari akibebe akipeleke nyuma ya ofisi. Kisha akatuambia, kwa upole ambao uliniogopesha kuliko kelele, kwamba mheshimiwa ni mtu anayelijenga taifa, kwamba marehemu ameshapumzika, na kwamba mimi nirudi mjini kabla mtu hajataka kujua zaidi habari zangu.

Tulitembea hadi barabarani. Mvua ilikuwa imeanza. Mama alisema tu kwamba atatafuta nyasi awaezekee kuku, maana usiku watalowa.

Wiki ile ile nilitoa magunia yangu stoo. Vya bati nilivipeleka kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu kule Langas, vikiwa vimepondwa kwa nyundo ili visijulikane. Vya shaba nilivitupa mtoni Sosiani, kimoja hapa, kingine mbele. Mke wangu alinisaidia kuponda. Tulipomaliza alinawa mikono, akaenda kulala na jua bado halijazama.

Nilidhani nimemalizana na mambo yale. Lakini kabla ya Krismasi yule mama alinitumia ujumbe kwa yule yule dereva wa trekta. Watu wa mumewe walikuwa wanakuja kutoka magharibi kwa maombi ya kumkumbuka, na alitaka niseme mbele yao nilichokiona. Niliogopa, nikaenda.

Walikuwa wameketi uani, ndugu wa marehemu, majirani wachache, mwalimu wa kanisa, na mama mzazi wa marehemu, bibi mzee sana aliyefunikwa blanketi. Sikuwa na kipande cha kuwaonyesha. Nilitumia mikono yangu. Mkono mmoja ukawa bawa, kidole kikawa bawaba, nikawaeleza habari ya ufa na rangi. Niliwaambia kwamba mtoto wao alikuwa na akili zake timamu, na kwamba alisogea upande uliokuwa sahihi. Ndugu mkubwa wa marehemu, ambaye niliambiwa baadaye kwamba hakuwahi kuja kwenye boma hilo tangu mazishi, aliinamisha kichwa hadi nilipomaliza.

Bibi aliniita nisogee. Alinishika mkono.

"Kijana wangu, aliiona ikija?"

Nilijua anataka nimwambie hapana. Mshika bendera husogea huku ameielekea ndege. Hakuna namna nyingine ya kufanya kazi ile. Kila mtu pale alikuwa ameshaambiwa uongo wa kutosha.

"Aliiona, Mama."

Alitikisa kichwa taratibu, bila kuniachia. "Tangu akiwa mtoto alikuwa anaogopa vitu vinavyonguruma," alisema. "Nilikuwa nikimfunika masikio."

Mwalimu wa kanisa alianzisha sala, na wanawake wakaenda kupakua chakula.