Gari Lililotulia Likibeba Mzigo

“Mama Hawa, hivi na gari lenu nalo linalia msiba?”

Jirani yangu Somoe aliniuliza hivyo dirishani, mwezi wa tatu wa eda yangu. Nilishalisikia kabla yake.

Wasomaji wangu, mimi nimeishia darasa la saba na usukani sijawahi kuushika. Lakini miezi minne na siku kumi nimekaa ndani, kazi yangu kuswali, kuvuta tasbihi na kusikiliza. Landkruza ya marehemu mume wangu niliijua kwa mlio, kama unavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani.

Tulikuwa nayo hiyo tu hapa Mpapura.

Na binti yangu mmoja, Hawa, ameolewa Kitaya, kule mtoni. Mimba mbili zilishaharibika. Ya tatu ilikuwa inaangukia masika, na daktari alisema wazi: huyu ajifungulie Mtwara mjini, sio pengine.

Masika njia ya Kitaya ni tope tupu. Basi gari likanyanyuliwa. Shemeji yangu Hashimu, mdogo wa marehemu, alilipeleka kwa fundi Fredi mjini, likafungwa springi ndefu na matairi makubwa. Likarudi refu, mtu anapanda kwa kurukia.

Kuanzia siku ile, balaa. Likifika spidi sitini tu, chini kunanguruma, kioo kinacheza, meno yanagongana.

Fredi akafanya balansi ya matairi. Wapi! Akabadili krosi, vile viungo vya propela, ule mtaimbo mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma. Wiki mbili, krosi zimekufa. Akafunga nyingine.

Mtaani wakapata la kusema. “Marehemu hataki liguswe!” Hashimu akaletewa hirizi, akaifunga kwenye usukani.

Nikamwambia nyuma ya pazia: “Shemeji, ivue hiyo. Tumwombe Mungu, halafu tutafute ubovu.”

Akacheka. “Shemeji, sisi tulio nje umetushinda, wewe uliye ndani utauonea wapi?”

Eda ilipoisha, nikalipanda kwenda mjini. Tulibeba magunia kumi na mawili ya makopa, mihogo mikavu. Kimya! Nikamwambia Hashimu aongeze mwendo hadi sabini. Kimya.

Tukashusha mihogo, tukaanza kurudi tupu. Tetemeko lile lile.

“Geuza,” nikasema. “Twende kwa Fredi.”

“Kufanya nini tena?”

“Geuza, shemeji.”

Nikamwambia fundi: “Likiwa na mzigo linatulia. Yangekuwa matairi, si yangetetemeka hata na mzigo?”

Fredi akaacha kutafuna muwa. Akaingia uvunguni, akakaa huko. Ikaja sauti yake: “Mama, umeniweza aisee! Tumelipandisha mno, propela imekaa mteremko mkali. Mzigo ukikandamiza springi, inapata nafuu. Ndo maana krosi zinakufa.”

“Dawa yake?”

“Nichonge kabari za chuma, niinue mdomo wa difu, pale nyuma propela inapoingia, uielekee. Jumamosi njoo.”

Jumapili tungemfuata Hawa. Nilirudi nyumbani nikasujudu kwa shukrani.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Mkwe wangu. Uchungu umeanza, wiki tatu kabla.

Hashimu akaruka garini. Tupu.

Nilisimama mlangoni, mdomoni nina maneno mawili: pakia mchanga. Nikaona nitamchelewesha. Nikayameza.

Krosi ilikatika akikaribia Kitaya. Propela ikachomoka, ikapasua giaboksi. Hawa alitolewa kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na mumewe, kwenye tope lile.

Mtwara walimwokoa yeye. Mwanawe wa kiume walimtoa ameshakufa.

Siku ya nane, Hawa akiwa kwangu, Hashimu akaja kumpa pole. Hawa hakupokea mkono.

“Baba mdogo, nani alikutuma ulinyanyue gari la baba? Lilikuwa linatutosha! Sifa tu, uonekane mjini!”

Hashimu akaangalia mkeka. Mtaa mzima ulimsema miezi yote ile, na hakujibu.

Mimi najua kwa nini.

Wiki ya pili ya eda, nyuma ya pazia, nilimlilia alinyanyue lipite topeni hadi kwa Hawa. Alikataa. Alisema gari linatosha lilivyo, kaka yake alilipitisha masika ngapi. Nikalia siku tatu. Akakubali, na siri yangu akaibeba.

“Hawa,” nikasema, “mwache baba yako mdogo. Ni mimi niliyemtuma.”

Unayesoma, ukilijua jambo liseme lote, na liseme siku hiyo hiyo. Mimi niliyaona yote, nikasema nusu.

Hawa alinitazama. Akajifunga khanga, taratibu, tumbo bado linamuuma. Akachukua mfuko wenye nguo za mtoto, akapita katikati yetu, akatoka.