Uzi Mweupe wa Cuizhu

Lu Cuizhu hakupata kusoma, kwa hiyo mitungi yake aliitambua kwa nyuzi. Nyekundu ni pombe ya kunywa. Nyeupe ni ya kupaka tu, isifike mdomoni. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha, na kwa miaka arobaini kijiji kizima chini ya Mlima Tianmu kilizijua alama zake.

Msimu wa kuchimba machipukizi ya mianzi, jirani yake Qiu Genfa alimletea mikono iliyoliwa na choa.

"Dada Cuizhu, mwezi ujao namwoza binti. Mkwe atanipa chai ya heshima mbele za watu. Nitaipokea kwa mikono hii?"

"Ipokee kwa miguu." Akamkabidhi mtungi wa uzi mweupe, wenye magome ya msonobari wa dhahabu yaliyolowekwa kwenye pombe kali. "Paka asubuhi na jioni. Ukionja, tumbo litakukumbusha jina langu."

Mikono ikapona. Siku ya harusi Genfa alipokea kikombe mbele za watu bila kuificha, naye Cuizhu akaridhika. Kisha akauona mtungi ule ule wa dawa mezani kwa wageni, shingoni uzi mwekundu. Mjomba wa bwana harusi alikuwa ameshamimina vikombe sita.

Akaelewa. Nyeupe ni rangi ya msiba. Mke wa Genfa asingeiacha ndani ya nyumba siku kama hiyo; alibadilisha uzi, na aliyeandaa meza akadhani ni pombe. Na kulitaja neno sumu mbele ya maharusi kungekuwa kuwalaani.

Alisogea taratibu, akafunika kikombe cha mjomba kwa kiganja.

"Shemeji, hii si ya koo. Ni ya choa."

Mjomba akanusa, akakunja uso.

"Nani ameshakunywa?" Cuizhu aliuliza.

"Hakuna. Vijana wananisubiri mimi nianze."

Cuizhu akashusha pumzi, akaanza kuirudisha dawa mtunguni, kikombe kimoja kimoja. Mjomba akamwinamia. "Na ya vidole vya miguu, inatibu?"

"Inatibu. Ila usivue soksi hapa."

Mke wa Genfa akaja, macho chini. "Sikutaka nyeupe nyumbani leo, dada."

"Hata mimi ningeufungua uzi ule."

Siku ya tatu, bibi harusi aliporudi kuwasalimu wazazi, Cuizhu alimfuata na brashi na karatasi. Akaomba aandikiwe neno moja tu, kupaka. Alikaa nalo mchana kutwa, akiliiga juu ya kila mtungi wa dawa ya kupaka, kwa mwandiko uliopinda.