Kotama ya Jarumani

Ngumbao wa Mwarandu hakuwa mwizi. Naanza na hilo kwa kuwa nitaeleza siku aliyochukua kotama ya mtu, na watu ni wepesi wa kuhukumu. Alikuwa mgema wa Kisauni, mwana wa mgema, mwenye salamu nzuri na mkono usio mzito. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, kijiba cha roho. Jirani akijenga, yeye huona nyumba imekaa upande. Mbuzi wa mwenzake akizaa pacha, mbuzi wake yeye hatazamwi kwa wema wiki nzima.

Kwa miaka mingi kijiba hicho hakikumdhuru mtu, maana katika kazi yake hakuwa na wa kumwonea gere. Minazi ya kisimani katika shamba la mzee Lewa ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote upande ule, na iligemwa na Mwarandu, babake. Mzee alipofariki, Ngumbao aliachiwa minazi ile pamoja na kotama, kile kisu kilichopinda ambacho mgema hupanda nacho asubuhi na jioni kukata ncha ya karara la maua ya mnazi, kipande chembamba tu, ili tembo, ule utomvu unaogeuka pombe, litone kibuyuni. Kotama ya mzee ilikuwa nyeusi, imeliwa na kinoo mpaka imekonda, na karibu na mpini ilikuwa na pengo. Pengo hilo alilitia Ngumbao mwenyewe utotoni alipoikatia mfupa wa ng'ombe. Fimbo za siku ile hakuzisahau.

Vita vya pili vya Mjarumani vilipokwisha, bidhaa za Ulaya zikaanza kurudi madukani. Ngumbao alivuka daraja la Nyali, akaenda mjini, akaona panga katika duka la Mhindi. Lilikuwa linang'aa, limepigwa muhuri wa Uingereza, na muhuri ule ulimvutia kuliko panga lenyewe. Alilipeleka kwa Mwidani, mhunzi wetu, alikate na kulipinda liwe kotama. Ile ya baba akaitupa kwenye rundo la vyuma vibovu, akasema ifuliwe misumari. Mwidani alimuuliza kama amesema kweli. Ngumbao alikuwa keshaanza kutazama uso wake katika chuma kipya.

Mwaka uliofuata akaja Tsofa, kijana mmoja mpole aliyekuwa akikata mkonge Tanga. Mzee Lewa alimpa minazi ya nyuma, ile iliyokonda, ambayo hata kunguru hawakuitaka. Hazikupita wiki nyingi, vibuyu vya Tsofa vikawa vinafurika, na tembo lake ni tamu, jeupe, halina uchungu wa karara lililochubuliwa. Vya Ngumbao, kwenye minazi bora ya shamba zima, vilishuka nusu.

Habari zikafika mangweni kwa bibi Kanze, kilabu chetu cha tembo. Bibi Kanze alikuwa na sheria moja: kisu hakiingii mahali watu wanapokunywa. Kila mgema alitundika kotama yake kwenye nguzo ya mlangoni, ndipo akapewa kibuyu na mrija. Ya Tsofa ilikuwa haitoki kwenye ala yake ya ngozi ila mwenyewe akiwa juu ya mnazi, kwa hivyo hakuna aliyeijua ilivyo. Watu walipomuuliza imetoka wapi, alicheka tu. Basi mmoja akakumbusha kwamba Tsofa ametoka Tanga, na Tanga zamani ilikuwa ya Mjarumani. Hoja ikafungwa hapo, kama zinavyofungwa hoja nyingi za mangweni.

Tangu siku hiyo ikawa ni nchi na visu vyake. Vya Mjapani, vile vilivyokuja kabla ya vita, vilikuwa rahisi lakini vikipinda kwa muhogo mbichi. Vya Mwingereza havivunjiki, ila makali yake ni ya kuazima. Cha Mjarumani, ukikinoa leo, mjukuu wako atakikuta kikali. Waliosema hayo hawakuwahi kushika hata kijiko cha Mjarumani, lakini walisema utadhani wamezaliwa kiwandani kwake. Na kila Mjarumani alipotajwa, macho yalimgeukia Tsofa, kisha yakaiendea kotama ya Ngumbao pale mlangoni, na muhuri wake.

Ngumbao aliungua moyoni. Alimwonea Tsofa wivu kwa kisu chake, akamwonea kwa vibuyu vyake, kwa ujana wake, hata kwa mluzi aliokuwa akipiga juu ya mnazi, maana mtu mwenye kazi ngumu hapati pumzi ya mluzi. Nyumbani alimpa mkewe, Dhahabu, tembo la Tsofa aonje, akitumaini atalitema. Dhahabu alikunywa, akanywa tena, akarudisha kata tupu bila neno. Laiti angelisifu, Ngumbao angepata pa kugombana naye. Usiku ule alimpa mgongo.

Kisha mzee Lewa mwenyewe akamwita. Hakuwa na maneno mengi. Alimwambia kwamba minazi ya kisimani inaona aibu kwa vibuyu vile, na kama hali haikubadilika kabla ya masika, atampa Tsofa. Minazi ya baba yake.

Ngumbao alikwenda moja kwa moja kwa Mwidani, akataka atengenezewe kotama ya chuma cha Jarumani, kwa gharama yoyote. Mhunzi aliichukua ile ya Uingereza, akapitisha kidole kwenye makali.

"Hiki si chuma kibaya," akasema. "Mwingereza amekitengeneza cha kufyeka vichaka, kipige jiwe kisikatike. Kwao hakuna mnazi. Wewe wataka kimenye karara kama kitunguu, na yeye hakuwaza jambo hilo. Na huyo Mjarumani naye hana mnazi."

Ngumbao akauliza basi Tsofa anagema kwa chuma gani. Mwidani alifungua kinywa, akakifunga, akarudi kuvuta mivukuto yake. Ngumbao akaona mhunzi naye ameshanunuliwa.

Siku ya tatu baada ya hapo, adhuhuri, mangwe lilikuwa limejaa. Tsofa alikuwa ndani, amekaa mkabala na mlango, anasimulia habari za mkonge. Ngumbao aliinuka, akaaga, akafika kwenye nguzo. Kotama mbili zilikuwa zimening'inia ubavu kwa ubavu, yake na ile ya ala. Mkono wake ukaenda kwenye ala. Angeulizwa, angesema amekosea. Ndivyo alivyojiambia, na aliharakisha ili asije akajibiwa na nafsi yake. Yake akaiacha palepale.

Aliupanda mnazi wa kwanza wa kisimani akiwa bado anahema. Alipofika juu akachomoa kisu, akakipitisha kwenye karara bila hata kutia nguvu. Kipande kilichotoka kilikuwa chembamba hivi kwamba jua lilipenya. Tembo likatona papo hapo, tone juu ya tone, kama lilivyokuwa likitona alipokuwa kijana na babake yuko chini anamwelekeza. Ngumbao akacheka peke yake kule juu. Akasema moyoni, Mjarumani ni fundi, wacha watu waseme. Akakigeuza kisu ili akitazame vizuri huo ufundi.

Karibu na mpini mpya palikuwa na pengo.

Alilipapasa kwa kidole gumba. Hakuhitaji kulipapasa mara ya pili. Alikaa amekumbatia mnazi, na sasa hakujua amwonee nani wivu.

Aliposikia mtu akikohoa, alitazama chini. Tsofa alikuwa amesimama kando ya kisima, peke yake, ameshika ile kotama ya Uingereza.

"Shikamoo, kaka," akasema. "Shuka taratibu, mnazi huo una utelezi."

Ngumbao alishuka. Hakuomba radhi. Alichosema ni, "Hii ni ya baba yangu."

"Ni ya marehemu Mwarandu. Mwidani aliniambia siku aliponiuzia. Babake huyo mhunzi ndiye aliyeifua, hapa hapa Kisauni, kwa chuma cha jembe kuukuu."

"Na mbona umewaacha watu waseme ni ya Jarumani?"

Tsofa aliinamisha macho, kama ni yeye aliyekamatwa.

"Ungependa waseme imetoka wapi, kaka?"

Tsofa akamwambia aichukue, ni haki yake, yeye atatafuta nyingine. Na hapo ndipo wivu ulipomkaba Ngumbao kuliko siku zote, maana kisu angeweza kukirudisha nyumbani, lakini moyo ule wa Tsofa angeununua duka gani? Tena aliona wazi: akionekana na kotama ile kiunoni, mangwe zima litajua kwamba alitupa urithi wa baba kwa ajili ya muhuri, na mpita njia akaokota. Aliirudisha kwenye ala, akamkabidhi Tsofa, mpini mbele. Akapokea yake.

Kabla ya masika, mzee Lewa alimpa Tsofa minazi ya kisimani. Ngumbao akahamia ile ya nyuma, na akaigema mpaka uzeeni.

Namkumbuka mangweni miaka michache baadaye. Kamau, mtu wa bara aliyefanya kazi reli ya Changamwe, alikuwa amekunywa vya kutosha, akasema Wajarumani wanatengeneza visu vya mezani na nyembe, hawajapata kutengeneza kotama, na kwamba ile ya Tsofa lazima imefuliwa na mtu wa papa hapa. Watu wakaanza kutazamana. Tsofa akainama kwenye mrija wake.

Ngumbao ndiye aliyesimama.

"Wallahi, ile ni ya Jarumani," akasema. "Mimi nimeishika kwa mkono wangu."

Akaketi, akaagiza kibuyu kingine, cha tembo la Tsofa.