Shati la Msumarini

Fundi cherehani hushona mashati ya kiume ya katani, si ile ya mkonge bali ya ndugu yake bangi asiyelevya, na mteja akilalamika kuwa kitambaa ni kigumu, humjibu, "Vaa, baba, ufue, kitalainika chenyewe." Kila shati hutoka dukani kwake likiwa gumu, ila moja lililoning'inia msumarini, la mikono mirefu ajabu. Hilo hulifua kila Jumamosi, akalianika, akalipiga pasi, akalirudisha pale pale. Leo mteja kalipapasa, akataka kulinunua.

"Hilo la mwanangu. Yuko ughaibuni."

"Kalivaa sana, mama. Limeshakuwa laini."

Fundi akainyoosha kola kwa dole gumba lenye sugu ya mkasi. "Hata kuliona hajaliona," akasema. "Mwaka wa sita huu namlainishia."