Nilivyofunga mafunzo kabla ya saa

Mimi ni daktari wa wanawake huko Beni, na pia ni mzee wa kanisa. Kwa hiyo kila mkutano wa chama chetu cha madaktari ni mimi ninayeombwa kufunga kwa sala. Sikatai. Naomba vizuri, tena kwa kirefu.

Juma lililopita chama kilituita Butembo kwa mafunzo juu ya mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa. Mwalimu, mkunga wa pale pale, alilaza mdoli wa mpira juu ya meza. Kila daktari angeitwa kumhudumia kama mama wa kweli.

Nilikaa mbele na madaktari wangu wawili vijana. "Kwenye formation, mafunzo kama haya, hapana kulala," niliwaonya. Kisha tukala bugali na sombe, mimi nikarudia sahani.

Baada ya chakula nilifumba macho kidogo, ili nisikilize vizuri. Halafu nikasikia: "Docteur, simama, tunakungojea."

Nikasimama. Macho yalikuwa yamefumbwa tayari, basi nikaomba. Nilimshukuru Mungu kwa walimu, kwa wapishi, kwa barabara ya kurudi Beni. Kwetu hakuna anayekatiza sala. Wote wakaitikia amina.

Nilipofumbua macho, mkunga alikuwa bado kando ya mdoli, anaangalia saa yake.

"Amina, papa docteur," akasema kwa upole. "Lakini huyu mama anatoka damu tangu ulianzaka kuomba. Sasa tumufanyie nini?"